Ikarus za Dar es Salaam Hazikufa kwa Uzee

Dar es Salaam kuna watu ambao ukiwatajia mabasi ya Ikarus wanasahau walichokuwa wanasema. Nami nimo. Wengi wetu tumevuka miaka 50. Tulikulia Magomeni, Ilala, Temeke na Kinondoni, na mabasi yale tuliyapanda tukiwa na kaptula za shule. Tukikutana msibani au harusini, haichukui muda mmoja atasema milango ilikuwa mitatu, mwingine atashikilia minne, na wa tatu ataachana na milango aanze kuigiza mlio wa gari likipandisha kutoka Ubungo kwenda Kimara. Watoto wetu wanatushangaa. Wao wamekulia kwenye daladala za DCM na Coaster, na wengi wao mapenzi yameangukia mabasi ya mikoani. Sisi tumebaki na basi la mjini.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikikusanya habari za mabasi hayo: picha, tiketi, vibao vya njia, na zaidi ya vyote maneno ya watu waliofanya nayo kazi. Naandika haya kwa sababu vijana wanaopenda mabasi wanazidi kuongezeka, na wengine wananiuliza waanzie wapi. Na pia kwa sababu kuna jambo moja ambalo sisi wapenzi wa Ikarus hatulisemi vya kutosha, tunapokaa kukumbuka uzuri wake.

Kwa wasiozikuta, nianze hivi. Zamani usafiri wa mjini ulikuwa mikononi mwa kampuni ya Waingereza, Dar es Salaam Motor Transport, au DMT kwa kifupi. Serikali iliichukua mwaka 1970, katika mkondo wa Azimio la Arusha, na mwaka 1974 ikaigawa mafungu mawili. Mabasi ya mikoani yakaenda KAMATA, yaani Kampuni ya Mabasi ya Taifa, na ya mjini yakawa ya UDA, Usafiri Dar es Salaam. Ikarus ziliingia kutoka Hungaria katika enzi hizo za UDA. Ziliingia za kawaida, na ziliingia zile ndefu zenye kiungo katikati ambazo watu waliziita kumbakumba.

Mtoto wa Dar akiingia kwenye kumbakumba alikuwa na shabaha moja, kufika kwenye kiungo. Pale sakafu ilikuwa duara la chuma. Gari likikata kona, duara lilizunguka taratibu chini ya miguu. Ukiweka mguu mmoja juu yake na mwingine nje, unahisi miguu inaachana bila wewe kuitikisa. Ubavuni kulikuwa na mpira mzito wa mikunjo, uliojikunja upande wa ndani wa kona na kujinyoosha upande wa nje, na ukiwa mfupi ulikuwa unaona mikunjo ile ikifunga na kufungua usawa wa uso wako. Wakubwa walikuwa wanatufukuza pale wakihofia vidole. Tulikuwa tunarudi.

Injini ilikuwa imelazwa ubavu chini ya sakafu ya kipande cha mbele, kati ya ekseli ya kwanza na ya pili, na nguvu ilikwenda kwenye hiyo ekseli ya pili. Kipande cha nyuma kilikuwa kinavutwa tu, kama tela. Ndiyo maana sakafu ilikuwa juu, na ndiyo maana kulikuwa na vifuniko vya chuma sakafuni, ili fundi aifikie injini bila kuingia uvunguni. Ukisimama juu ya kifuniko wakati wa jua kali, joto lilipita hadi kwenye unyayo. Mtu aliyezoea hakusimama pale.

Sasa niseme nilichojifunza katika kukusanya.

Picha ya basi huipati kwa kutafuta picha ya basi. Filamu ilikuwa ghali, na hakuna mtu wa mwaka 1979 aliyepoteza filamu yake kwa kulipiga picha gari la kwenda Temeke. Lakini watu walipiga picha za harusi, za maandamano ya Mei Mosi, za mgeni aliyetoka bara akatembezwa mjini, za kijana aliyevaa suruali mpya ya bugaluu. Basi linasimama nyuma yao bila kualikwa. Kwa hiyo mimi naomba albamu za familia, na nikizipata huwa naangalia nyuma ya watu. Picha nzuri kuliko zote nilizowahi kuzishika ni ya bibi harusi na wapambe wake karibu na Mnazi Mmoja. Nyuma ya bega la mpambe mmoja kumbakumba imesimama, kibao cha njia kinasomeka, na dereva ametoa mkono dirishani akiwatazama. Mwenye albamu hakuwahi kuliona lile basi mpaka siku nilipomwonyesha.

Na mwaka je? Nyuma ya picha mara nyingi hakuna maandishi. Hapo huwa natafuta mtoto. Karibu kila picha ya familia ina mtoto aliyebebwa, na mtoto huyo leo ni mtu mzima anayejua tarehe yake ya kuzaliwa. Kama pichani anaonekana wa mwaka mmoja hivi, basi mwaka wa picha umeshaupata bila kubishana na mtu.

Rangi ni habari nyingine. Nimeshuhudia watu wazima, wajukuu wamewakalia mapajani, wakinuniana kwa sababu ya rangi ya mstari wa ubavuni. Nami naipenda rangi kama wao. Lakini magari hupakwa upya, na picha nyingi tulizonazo ni za nyeusi na nyeupe, kwa hiyo wote wawili wanaweza kuwa wamesema kweli, kila mmoja kwa miaka yake. Siku hizi naandika nani kasema nini, aliishi mtaa gani, alipanda njia ipi, halafu naendelea. Muda wa wazee ni mfupi, na kuna maswali makubwa zaidi ya kuwauliza.

Wanawake nilichelewa kuwafikia, na hilo ni tabia ya kundi letu zima: tunawatafuta wanaume tukidhani wao ndio wanaojua magari. Shangazi yangu alikuwa akiuza samaki wa Feri, na alipanda mabasi ya mjini pengine kuliko mwanamume yeyote katika ukoo wetu. Nilipomwuliza habari za Ikarus hakuanza na mlio wala kiungo. Alianza na ngazi.

"Ngazi zake zilikuwa juu, baba. Una ndoo kichwani, una mtoto mgongoni, na huyo aliye nyuma yako anakusukuma. Unashika chuma, unajivuta. Ukishafika juu unashukuru Mungu."

Halafu akaniambia kitu ambacho kimenisaidia kuelewa kwa nini watu wanazililia gari hizi hadi leo. Akasema foleni ya kituoni ilikuwa ndefu, watu wamefika kabla jua halijachomoza, lakini ikija ile ndefu foleni nzima inaingia. Hakuna anayeachwa. Magari madogo yalipokuja baadaye, kila gari lilikuja kuchagua: mwenye nguvu anapita dirishani, mwenye ndoo anaambiwa asubiri, mwanafunzi anasukumwa na konda. Shangazi hakulikumbuka basi kwa starehe, kwani starehe haikuwepo. Alilikumbuka kwa sababu lilimchukua yeye na ndoo yake. Tangu siku ile kila mama ninayemhoji namwuliza alikuwa amebeba nini.

Lakini mtu aliyenigeuza kabisa mawazo ni mzee mmoja fundi, anayeishi huku Mbagala, ambaye kwa ombi lake simtaji jina. Alifanya kazi ya karakana ujana wake wote. Nilikwenda na daftari langu na picha zangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Na wewe umekuja kuniuliza rangi?"

Nilimwambia nimekuja kumuuliza lolote analotaka kunieleza. Akanitazama kidogo, akaingia ndani, akatoka na kipande cha mpira mweusi cha duara, kikubwa kidogo kuliko kisahani cha kikombe, kimekatwa kwa mkono na kimetobolewa pembeni. Akakiweka mezani kati yetu.

"Niulize hiki."

Kilikuwa daiframu ya breki, yaani utando wa mpira unaosukumwa na upepo. Kilikatwa kwenye tyubu ya lori, kwa kisu, kwa kufuata alama ya ile iliyochanika. Mzee alinieleza taratibu, na naomba nieleze kama alivyonieleza kwa sababu ndiyo kiini cha haya yote. Ikarus ilikuwa gari la upepo. Breki zake zilikwenda kwa upepo, milango ilifunguka na kufunga kwa upepo, na hata gari lenyewe lilikalia mipira iliyojazwa upepo badala ya spring za chuma za malori tuliyoyazoea. Ndiyo maana lilikuwa laini likipita kwenye shimo. Lakini mfumo mzima wa upepo unashikiliwa na mpira: mipira ya kukalia, daiframu, ringi ndogondogo za kwenye vali, hozi. Na mpira wa gari ni kitu cha kubadilishwa. Huko ulikotengenezwa, fundi anaandika karatasi, stoo wanatoa mpya, kazi imekwisha. Kwenye joto letu, barabara zetu na mzigo wetu, ulihitaji kubadilishwa mapema zaidi. Mpira mmoja ukivuja, mlango haufungi. Mwingine ukichanika, gari linalala upande. Ukiisha upepo kabisa, breki zinashika na gari halitoki lilipo.

"Watu wanasema injini zilikufa," mzee alisema. "Injini zile zilikuwa imara sana. Nimeacha injini nzima ndani ya gari lililo juu ya mawe, inasubiri mpira wa kukaa kiganjani."

Na mpira wenyewe haukupatikana kwa sababu haukununuliwa kwa shilingi. Hapo ndipo historia ya nchi inapoingia ndani ya karakana. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na vita ikaendelea hadi 1979. Mwaka huohuo wa 1979 bei ya mafuta ikaruka duniani kwa mara ya pili, baada ya ule mruko wa 1973. Hela za kigeni zilizobaki ziligombaniwa na dawa, mafuta, mahindi na vipuri vya viwanda vyote nchini. Ombi la mipira ya basi lilijipanga kwenye foleni hiyo pamoja na vyote hivyo, na ni nani angeliweka mbele ya dawa? Waliokuwepo wanakumbuka Jumapili mchana jinsi magari ya watu binafsi yalivyozuiwa barabarani ili kubana mafuta. Nchi nzima ilikuwa inahesabu.

Karakana ikafanya kile ambacho karakana yoyote hufanya ikikosa spea. Gari la kwanza lililala kwa kukosa kitu kimoja. La pili lilipokosa kitu kingine, mafundi walikinyofoa kwenye la kwanza. La tatu likachukua kwenye yote mawili. Mzee alisema ubaya wa kunyofoa ni kwamba siku ya kwanza unaonekana shujaa, gari limetoka na abiria wamefika kazini. Lakini lile ulilolifungua halirudi tena barabarani. Limeanza na tatizo moja, sasa lina matatizo kumi, na mvua inaingia kwenye matundu uliyoyaacha. Aliniambia kuna gari alilolifungua mwenyewe, mlango kwa mlango, mpaka likabaki bodi, na kila asubuhi alipita pembeni yake kwenda kazini. Hakuongeza neno hapo, nami sikumwuliza zaidi.

Mwaka 1983 Serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi kubeba abiria mjini. Yaliyofuata kila mtu anayajua: daladala.

Miaka mingi baadaye nilipata safari ya kikazi hadi Budapest, mji mkuu wa Hungaria. Ilikuwa 2019. Nilijua kwamba kiwanda cha Ikarus kilikuwa huko, na kwamba kilianzia kwenye karakana ya mhunzi mmoja, Imre Uhry, mwaka 1895. Nilijua pia kwamba ile yenye kiungo, wanayoiita 280, ilitengenezwa kwa zaidi ya magari 60,000, mengi yakienda Umoja wa Kisovieti na nchi rafiki zake. Nilichokuwa sikijui ni kwamba bado inabeba abiria. Nimesimama kituoni, jioni ya kwanza, nasubiri basi lolote la kunirudisha hotelini, nikasikia mlio. Niliutambua kabla sijageuka. Likaja, buluu, madirisha yale yale, milango inayojikunja ile ile minne (minne!), likasimama mbele yangu na kutoa pumzi.

Sikuuliza linakwenda wapi. Nilipanda nikaenda moja kwa moja kwenye kiungo.

Siku zilizofuata kijana mmoja mwenyeji, aliyezungumza Kiingereza, alinipeleka kwa watu wa huko wanaopenda mabasi, na siku ya mapumziko tukaenda Szentendre, mji mdogo nje ya Budapest, palipo na makumbusho ya usafiri wa mjini. Nao wanabishana rangi, nilifarijika. Wana mabasi ya zamani yanayotembea kabisa, na siku maalumu huyatoa barabarani watu wakayapanda. Lakini kilichonishika ni rafu zao za vipuri na vitabu vyao. Walinionyesha katalogi ya spea ya Ikarus: kila kitu kimechorwa, kila ringi ina namba yake, kila mpira unaonyeshwa unakaa wapi. Waliniruhusu kupiga picha kurasa za mfumo wa upepo. Mzee mmoja dereva mstaafu aliuliza, kupitia kwa yule kijana, kama za Dar es Salaam zilipata shida ya kutu kwa sababu ya bahari. Nikamwambia kutu ilikuwepo, lakini nikamweleza habari ya daiframu ya tyubu. Alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Aliijua breki ile, na aliijua kazi ya kumkatia mtu mpira kwa kisu.

Budapest waliziaga Ikarus za mwisho za aina hiyo mwezi Novemba 2022. Familia hiyo ya mabasi ilikuwa imefanya kazi katika mji ule takriban nusu karne. Siwezi kusema kwamba tofauti yote ni spea, hapana. Sisi tulizijaza hadi milango haikufunga, tukazipitisha kwenye mashimo, kwenye joto na chumvi ya bahari, na mafundi wetu wengi walijifunza gari likiwa tayari limeharibika mbele yao. Lakini gari lilikuwa ni lile lile. Mtu akiniambia leo kwamba tuliuziwa magari mabovu ya Ulaya Mashariki, namwambia kwa heshima zote kwamba nimelipanda gari hilo hilo likiwa zima, kwenye mji ambao stoo ilikuwa na mpira.

Niliporudi nilimpelekea mzee wa Mbagala zile kurasa, nimezichapisha kwa ukubwa kwa sababu ya macho yake. Alizitandaza mkekani. Hakusoma Kihungaria, wala hakuhitaji. Kidole chake kilitembea kutoka kompresa hadi matangi, kutoka matangi hadi vali, kila alipofika akataja kilichokuwa kinaharibika kwanza, kinaharibikaje, na walikuwa wakikifanyaje. Hiki tulikuwa tunachonga kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani. Hiki tulikuwa tunatoa kwenye lori la Leyland, unapunguza kidogo huku. Hiki, alisema akigonga karatasi kwa ukucha, hiki hakina mbadala, hiki ndicho kilichotumaliza. Nilirekodi yote. Katika vitu vyote nilivyokusanya, rekodi ile ndiyo ningeiokoa kwanza nyumba ikiungua.

Baada ya hapo nilianza kuyatazama upya hata magari niliyokuwa nayadharau. Miaka ya nyuma chai maharage, vile vilori vilivyowekewa mabenchi watu wakakaa wanatazamana, niliziona kama aibu iliyokuja baada ya Ikarus. Vipanya, zile daladala ndogo, navyo hivyo hivyo, na DCM. Lakini DCM ilidumu barabarani miaka na miaka, na sababu ya kudumu kwake iko wazi kwa yeyote aliyewahi kutembea Gerezani au kwenye magereji ya Ilala: spea zake zilijaa madukani, mpya na za mtumba, na kila mtaa ulikuwa na kijana anayejua kuifungua gizani. Gari lilikuwa bovu kulipanda, linabana, konda anapigilia watu. Lakini likiharibika asubuhi, jioni limerudi njiani. Kuna vijana leo wanazipenda DCM kwa moyo wote, wanakusanya picha za michoro yake na maneno yaliyoandikwa vioo vya nyuma, na nawaunga mkono. Hizo nazo zinatoweka, na hakuna anayezitunza.

Mei 2016 mabasi yenye kiungo yalirudi Barabara ya Morogoro. Mwendokasi ilianza na mabasi 140 ya Golden Dragon kutoka China, mengine ya kawaida na mengine marefu ya mita 18, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya kwenda Morocco na Gerezani. Wiki ile ya kwanza nilipanda nikiwa na furaha ya mtoto. Duara lipo, mikunjo ipo, foleni nzima inaingia. Nilimpigia simu shangazi nikamwambia ngazi zimeondoka, unaingia sawasawa kutoka kwenye jukwaa la kituo, hata na ndoo. Alicheka akasema sasa ndiyo wamekumbuka, yeye ameshastaafu samaki.

Mabasi yale ya mwanzo sasa yameshakuwa wazee, na kuna kijana wa Kimara aliyekuja kwangu akiwa na picha zake nyingi mno: kila basi, namba yake, mbele, nyuma, ubavu, jua linapozama. Picha safi kabisa. Nilimpongeza, halafu nikamwomba afanye kazi nyingine juu ya hiyo. Atafute fundi mmoja aliye tayari kuongea na amwulize kipuri kipi kinaisha upesi na kinatoka wapi. Arekodi mlio wa milango, maana picha hailii. Atunze tiketi na kadi. Akiona basi limelazwa, aandike tarehe aliyoliona mara ya mwisho likitembea, na aulize lilikosa nini. Hayo hakuna aliyetuandikia sisi kuhusu Ikarus mwaka 1980, na leo tunayaokoteza kwa wazee ambao wengine wameanza kusahau.

Tunaendelea kutafuta. Kama baba yako, babu yako au jirani yako aliwahi kufanya kazi kwenye karakana ya Kurasini, au aliendesha, au alikata tiketi, kaa naye wiki hii na simu yako ikiwa inarekodi. Usianze na rangi. Mwulize alikuwa anaingia zamu saa ngapi, gari lake lilikuwa la njia ipi, nini kilimsumbua zaidi, na alikitengenezaje. Mama naye mwulize alikuwa amebeba nini. Na kama nyumbani kuna kibao cha njia kinachofunika pipa, au duara la mpira kwenye sanduku la spana ambalo hamjui ni la nini, tafadhali msilitupe.